Nilipata Wafuasi kwa Kumcheka Mwalimu Wangu

Wasee, leo sina kichekesho. Leo nina deni.

Wale mlionijua kupitia ile klipu ya mwalimu wa Ndara mnakumbuka ilivyokuwa. Nimevaa sketi ya mamangu, leso mabegani, kalamu nyekundu nimeichomeka nyuma ya sikio, mkononi fimbo, natembea kama bata aliyenyimwa maji. Natoa macho, natisha darasa, nataja mama za watu, nachapa meza. Lafudhi ya Kitaita nimeiweka nzito mpaka shosho yangu mwenyewe aliniuliza hiyo ni lugha gani. Sekunde hamsini na nane tu. Niliiposti Ijumaa jioni kwa bando ya mbao, nikalala. Kuamka, simu imejaa mpaka inakwama.

Hiyo klipu ndiyo iliyonitoa. Kabla yake nilikuwa na wafuasi mia tatu na kitu, na nusu yao ni binamu zangu. Baada yake, watu wa boda pale stejini Voi wakaanza kuniita "Mwalimu". Duka moja la simu likanilipa niwatengenezee tangazo. Ndiyo pesa yangu ya kwanza niliyoipata kwa kazi hii, na sikujiuliza imetoka kwa nani.

Sasa ukweli. Yule mwalimu sikumbuni. Ile kalamu nyuma ya sikio ni yake. Ule mwendo ni wake, na ana huo mwendo kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka kwa pikipiki akienda shuleni msimu wa mvua, goti halikurudi sawa. Alinifundisha darasa la sita hadi la nane, shule ya msingi huku kwetu Ndara. Jina lake sitalitaja kwa sababu ameniambia nisilitaje. Sisi tulimuita Madam, na hapa pia ni Madam.

Na kuna kitu kingine sikuwahi kuwaambia. Wakati naiposti ile klipu, nilikuwa nimemkimbia Madam karibu miaka miwili. Tangu niache chuo. Siku moja nilimwona soko la Voi akichagua nyanya, nikajificha nyuma ya rundo la mitumba mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kuiba. Huyu mama ndiye aliyesimama mbele ya wazazi wote siku ya matokeo ya KCPE akasema kijana huyu atafika mbali. Halafu "mbali" ikawa ni muhula wa tatu, karo imenishinda, niko kwenye basi narudi nyumbani usiku ili majirani wasinione na sanduku.

Basi wiki tatu zilizopita mamangu ananipa simu yake. Kuna ujumbe wa sauti. Sauti ya Madam, haijabadilika hata kidogo: "Mwambie huyo mtoto aje anisalimie. Nimemwona kwa simu, sasa nataka kumwona kwa macho."

Nilimwambia mama nina kazi. Mama akaniangalia tu. Mnawajua akina mama wa Kitaita wakikuangalia bila kusema kitu. Kesho yake asubuhi nilikuwa njiani.

*

Njiani nilikuwa natunga maneno ya kujitetea. Nitasema ni sanaa. Nitasema ni utani. Nitasema kila mtu anafanya.

Nilimkuta kwenye kiti nje ya nyumba, anachambua mbaazi kwenye uteo. Nikamwamkia "Shikamoo Madam" nikiwa bado langoni, kama mtoto wa darasa la sita aliyechelewa.

"Marahaba. Kaa hapo. Chukua hizi, chambua."

Kwa hiyo nikachambua mbaazi. Dakika kama kumi hivi hakuna mtu aliyesema lolote. Kama hujawahi kunyamaziwa na mwalimu wako wa zamani, hujui woga.

Mwishowe akasema, "Kuna kosa."

Nikaanza, "Madam, nisamehe, mimi sikudhani..."

"Chini ya video umeandika *walimu zetu*. Walimu ni ngeli gani?"

"...A-WA, Madam."

"Basi sema."

"Walimu wetu."

"Haya. Watu elfu ngapi wameona kosa hilo wakajua ni mwanafunzi wangu?"

Nilicheka, na yeye akacheka, na nikadhani yameisha. Hayakuwa yameisha. Akaweka uteo chini, akaniuliza swali ambalo silali vizuri tangu siku hiyo.

"Nimeitazama mara tatu. Huyo mwalimu wako anapiga kelele. Anachapa. Anatukana. Mbona hafundishi kitu?"

*

Niliporudi nyumbani nikafungua simu nikaanza kutazama vichekesho vya walimu. Vyangu na vya wengine. Kenya tuna vingi mno, mnajua. Mwalimu anayechapa. Mwalimu anayekula chakula cha watoto. Mwalimu mlevi. Mwalimu wa hesabu aliyechanganyikiwa. Nikatazama mpaka betri ikaisha. Sikuona hata kimoja ambacho ndani yake mtu anafundishwa kitu na anakielewa.

Halafu nikajilazimisha kukumbuka. Hebu, kwani mimi huyu mama alinifundisha nini?

Nikakumbuka insha.

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya enzi zetu unajua insha zilikuwaje. Zote zinaanza sawa. Ni alfajiri na mapema, ndege wanaimba, jua linachomoza mashariki, na wewe umeamka umejaa furaha. Tulikariri hayo mambo kama sala. Hata ukiambiwa uandike kuhusu ajali ya barabarani, ndege lazima waimbe kwanza.

Siku moja Madam aliingia darasa la saba na vitabu vyetu mkononi, akaviweka mezani. Akasema, "Leo ni marufuku ndege kuimba. Atakayewaimbisha ndege nampa sifuri. Kila mtu aniandikie kitu alichokiona mwenyewe, kwa macho yake, wiki hii."

Darasa zima kimya. Sisi ni watoto wa Ndara, tumeona nini? Hatujaenda Mombasa, hatujapanda ndege. Nikainua mkono nikasema sijaona kitu. Akaniuliza, "Jana ulichelewa kwa nini?"

"Ndovu, Madam."

"Na ndovu si kitu?"

Kwa msiotoka huku: sisi tunapakana na Tsavo. Ndovu wakitoka mbugani usiku wanaingia mashambani, na asubuhi wakiwa bado karibu na njia, hakuna mtoto anayeenda shule mpaka waondoke. Kwetu hiyo haikuwa stori. Ilikuwa Jumanne.

Nikaandika. Nikaandika jinsi shosho alivyotoka nje saa nane usiku na sufuria na mwiko, akipiga na kupiga kelele, na mimi nikiwa nyuma yake nimeshika tochi isiyo na betri. Jinsi asubuhi mahindi yalivyokuwa yamelala kama mkeka, na shosho akasimama katikati hakulia, alianza tu kuokota yaliyobaki, moja moja. Ukurasa mmoja na nusu. Makosa kibao.

Madam aliisoma mbele ya darasa. Alipofika pale pa kuokota mahindi, darasa lilinyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilijua kwamba kitu nilichokiona mimi kinaweza kumfanya mtu mwingine anyamaze. Alinirudishia kitabu kimejaa wino mwekundu. Chini aliandika: "Sasa nimeona."

Wasee. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Kuona kitu na kukuonyesha. Kila video yangu ambayo imewahi kufanya kazi, imefanya kazi kwa sababu ya hilo somo. Hata ile ya kumcheka yeye. Nilimwona vizuri hivyo, kalamu, goti, lafudhi, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuona.

*

Hii stori ikanifanya nifikirie jambo jingine.

Watu wa Taita wote wanalijua jina la Dr. Aggrey. Ni shule ya upili ya wavulana kule Wundanyi. Tunalitamka kila siku: "huyu ni wa Aggrey", "Aggrey wamefanya vizuri". Niliwauliza vijana wanane pale stejini Voi, huyu Dr. Aggrey alikuwa nani? Mmoja akasema mmisionari mzungu. Mwingine akasema mbunge wa zamani. Wengine sita wakacheka. Na msiwacheke, mimi pia sikujua mpaka mwezi uliopita.

James Emman Kwegyir Aggrey alikuwa mwalimu Mwafrika. Alizaliwa 1875 Anomabu, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1898 akaenda Marekani, akasoma Livingstone College kule Salisbury, North Carolina, halafu akabaki hapo akifundisha karibu miaka ishirini. Kumbuka hiyo ni Marekani ya ubaguzi, mtu mweusi ana mlango wake na kiti chake cha nyuma. Mwaka 1920 shirika la Phelps-Stokes lilipotuma tume kuja kuchunguza elimu ya Waafrika, yeye ndiye aliyekuwa Mwafrika ndani ya hiyo tume. Mwaka 1924 ikaja tume ya pili, hii ya Afrika Mashariki, na Aggrey akafika mpaka Kenya.

Hebu fikiria mzazi wa wakati huo. Kila mtu mwenye digrii aliyewahi kumwona ni mzungu. Halafu siku moja anasimama mtu mweusi kama yeye, msomi, anazungumza na wazungu hao wakimsikiliza. Kule Lagos, kijana wa miaka kumi na sita alimsikia Aggrey akihutubia na akaamua lazima naye aende Marekani kusoma. Kijana huyo ni Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Chuo cha Achimota, ambako Aggrey alikuwa naibu wa mkuu msaidizi, ndiko alikosoma Kwame Nkrumah. Aggrey mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki 1927, New York, akiwa na miaka 51.

Ndiye aliyekuwa akisimulia ile hadithi ya tai aliyelelewa na kuku mpaka akasahau kuruka. Umeisikia kanisani, umeisikia kwa wahamasishaji, labda umeisikia kwangu. Sote tumeisimulia bila kumtaja mwenyewe.

Na si yeye tu. Vitabu vinatuambia wamisionari wa CMS walifika Sagalla 1883, na jina la mmisionari lipo. Kule Rabai, walimu wa mwanzo walikuwemo Waafrika waliookolewa utumwani, wakasomeshwa India, wakarudi pwani kufundisha: George David, William Jones. Nani anawajua? Eliud Mathu tunamjua kama Mwafrika wa kwanza kuingia bunge la kikoloni, 1944. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu pale Alliance. Hatujui kwamba aliingia bungeni na chaki mfukoni.

Mwalimu mweusi kwetu ni kama msingi wa nyumba. Kila mtu amesimama juu yake, hakuna anayempiga picha.

*

Sasa najua mtu ataniambia: "Wewe unasahau tulivyopigwa?"

Sijasahau. Nilichapwa, na wengine wenu mlichapwa vibaya kuliko mimi. Viboko vilipigwa marufuku Kenya tangu 2001 na bado mimi niliyeanza shule baada ya hapo nina alama mguuni, si ya Madam, ya mwingine. Kuna walimu waliovunja watoto. Kumheshimu mwalimu si kufunika hayo. Aliyekuumiza una haki ya kusema alikuumiza.

Lakini angalieni tulichofanya. Tumemchukua yule aliyetuumiza tukamfanya ndiye sura ya walimu wote. Halafu serikali ikichelewesha, ikipunguza, ikiahidi ikasahau, hakuna anayeshtuka, kwa sababu vichwani mwetu mwalimu ni yule kichekesho mwenye fimbo. Mwaka 2024 walimu wanagenzi wa JSS waliingia barabarani. Watu wenye digrii, wakati huo wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nakumbuka tulichokifanya mtandaoni: tulitengeneza vichekesho. Mimi nilitengeneza viwili.

Wakati huohuo tuna mtu kama Peter Tabichi. Mwalimu wa hesabu na fizikia, shule ya kutwa ya Keriko kule Nakuru, kijiji kinaitwa Pwani ingawa bahari iko mbali kweli. Alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu maskini. Mwaka 2019 akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, pale Dubai. Wiki hiyo sote tulikuwa Wakenya kwelikweli. Wiki iliyofuata tukarudi kwa fimbo.

*

Kuna sehemu ya mazungumzo na Madam nilikuwa nataka kuiruka. Lakini alinifundisha kuandika nilichokiona, kwa hivyo naiweka.

Alijua nimeacha chuo. Alijua tangu zamani, Ndara ni ndogo. Nilitarajia atasema yale maneno mazuri, kwamba digrii si kila kitu, kwamba ananionea fahari. Hakusema. Alisema, "Nilisikitika. Na bado nasikitika. Sikufichi."

Nikanyamaza.

"Lakini lililoniuma zaidi ni ile nyingine. Ile unasema shule ni utapeli."

Ndiyo, niliposti hiyo. Mwaka jana. Kijana aliyeacha chuo, ana simu nzuri, anaonyesha noti, anawaambia shule ni utapeli. Ilifanya vizuri sana. Madam akaniambia kuna wavulana wawili wa darasa lake walioacha kuja shule muhula huo, na mmoja alipoulizwa akalitaja jina langu.

"Wewe uliacha kwa sababu shule ni utapeli?"

"Hapana, Madam. Niliacha kwa sababu ya karo."

"Basi kwa nini hukusema karo?"

Kwa sababu karo inaonyesha nilishindwa. "Utapeli" inaonyesha mimi ni mjanja. Hilo ndilo jibu, na sikulisema pale kwa aibu, nalisema hapa. Wasee, mimi sikuacha chuo kwa ujanja. Niliacha kwa sababu pesa iliisha, na nililia kwenye basi kutoka mwanzo mpaka Voi. Kama uko shuleni na kuna njia yoyote ya kubaki, baki. Usinitumie mimi kama sababu.

Nikamwambia nitazifuta zote mbili, ile ya shule na ile yake. Nikatoa simu hapohapo.

Akanishika mkono. "Nani alikufundisha kufuta? Daftari ukilisugua kwa mate linatoboka. Kosa unalifanyaje?"

Nilijua jibu. Kila mtoto aliyepita kwake analijua. "Unalipiga mstari mmoja, Madam. Lisomeke."

"Halafu?"

"Unaandika lililo sahihi kando yake."

"Chawucha," akasema. Akarudi kwenye mbaazi zake.

*

Muhula huu ndio wake wa mwisho. Anafikisha miaka sitini, TSC inamstaafisha. Wanafunzi wake wa zamani wameniomba nitengeneze video ya kumuaga, na nimeitengeneza. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna maua. Nilikaa nyuma ya darasa lake siku nzima na simu. Katika dakika moja na nusu utaona msichana wa mbele akikwama kwenye sentensi, Madam akisimama kando yake bila kumsaidia, akisubiri. Anasubiri sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Halafu uso wa yule msichana unabadilika, na anaandika.

Haijatazamwa na wengi. Ile ya fimbo bado inaongoza kwa mbali. Ile ya fimbo ipo, na ile ya utapeli ipo, lakini ukizifungua sasa utakuta maneno yangu juu kabisa: hapa nilikosea, na kilicho sahihi ni hiki.

Ninachowaomba ni kidogo. Mkumbuke mwalimu mmoja, na msiniambie alivyochapa wala alivyotembea. Mniambie kitu kimoja alichokufundisha ambacho bado unakitumia. Na kama yuko hai na una kredo, mwambie yeye kwanza.

Chawucha, Madam. Walimu *wetu*. Nimerekebisha.